Mama Hakushika Kifua

Juzi nilikuwa kwa duka la dawa hapa Kangemi, nimesimama nyuma ya kijana aliyevimba shavu, na muuzaji akamfungulia kichupa kidogo ili anuse. Mafuta ya karafuu. Harufu iliponifikia nilitoka kwenye foleni bila kununua nilichokuwa nimekuja kununua. Nilisimama nje karibu na mama wa kuchoma mahindi, na msidhani ilikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Hasira ya miaka mingi ambayo nilifikiri imekwisha, kumbe ilikuwa imekaa tu ikiningoja kwenye kichupa.

Mimi shule niliiachia darasa la saba, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya lisogezeni mpite. Na mtoto wangu husema naongea kama nyanya wa miaka themanini, naanza na chumvi naishia na harusi. Ni kweli. Lakini hii ya Mama nitaisema yote, na nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto ule mwaka shule zilipofanywa bure na madarasa yakajaa mpaka madirishani, mtanielewa.

Tulikaa Woodley, zile nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, kando ya Ngong Road, zenye paa la vigae na ua wa miiba ambao mpira ukiingia hautoki mzima. Baba alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali mjini. Mama alipika kwa nyumba moja huko Lavington, kwa mama mmoja mtaratibu ambaye mbwa wake walikula vizuri kuliko sisi, lakini hiyo si habari ya leo. Kaka yangu Mutua alikuwa shule ya bweni, na likizo alikaa kijijini, kwa hivyo nyumbani tulikuwa watatu.

Inabidi nianze na Baba, kwa sababu kosa lilianzia kwake. Mwaka mmoja kabla ya mambo ya Mama, Baba alianguka Moi Avenue akiwa amebeba faili za ofisi. Alishika kifua kwa mkono wa kulia, akapiga goti moja, akasema "Yesu wangu," akalala chini juu ya faili. Watu wakamzunguka. Mtu mmoja mwenye gari, ambaye hata jina lake hatukulijua, akampeleka hospitali kubwa. Alikaa huko majuma mawili akarudi amekonda, na tulimshukuru Mungu, hata mimi nilishukuru. Sina shida na kupona kwake. Shida yangu ni ushuhuda.

Kanisani waliomba atoe ushuhuda Jumapili. Akatoa. Na Baba hakuwa mtu wa kusema tu, alikuwa mtu wa kuonyesha. Alisimama mbele, akashika kifua, akakunja uso kama mtu aliyemeza ndimu, akapiga goti moja chini, pu! Wamama wakalia. Jumapili iliyofuata akaitwa kanisa la jirani. Halafu ikawa kwa mikutano ya nyumbani, kwa harusi, kwa kinyozi. Mgeni akija kwetu, kabla hajamaliza chai, Baba ameshapiga goti. Mtaa mzima ukajifunza ugonjwa wa moyo kutoka kwa baba yangu. Watoto tulikuwa tunaucheza nje: mmoja anashika kifua anaanguka, wengine tunasema "Leteni gari!"

Na alikuwa anautaja kwa Kizungu chake cha ofisini, kilichopitia Machakos kwanza kabla ya kufika mjini. Alisema, "Nilipata hat-ataki." Mimi nikasikia *hataki*. Baba alipata hataki. Nikaona ni jina la haki kabisa, moyo umechoka umesema hautaki tena. Tena lilimfaa, kwa maana Baba alikuwa mtu wa kukataa. Sukuma wiki ya jana hataki. Chai iliyopoa hataki. Redio ya jirani hataki. Lakini Mama? Mama alikuwa mtu wa "sawa". Mama hakukataa kitu. Kwa akili yangu ya miaka kumi na moja, mtu kama huyo hangeweza kupata hataki hata akitaka.

Basi. Ilianza ile wiki ya kufunga shule. Nilikuwa namsindikiza Mama kazini wakati wa likizo, kwa vile hakupenda nibaki peke yangu, na tulikuwa tunapanda kwa miguu kutoka Woodley, tunavuka Ngong Road, tunapita zile nyumba za kuta ndefu zenye maua juu ya ukuta na vipande vya chupa juu ya maua. Siku hiyo kwenye mlima Mama alisimama. Akashika taya.

"Nini Mama?"

"Jino. Linavuta mpaka sikioni."

Tulisimama kidogo. Likaacha. Tukaendelea. Tulipofika kupanda kwa pili akasimama tena, mkono kwenye taya. Kulikuwa na askari wa geti anaitwa Musyoka, mtu wa kwetu, mcheshi. Akamtolea kiti chake.

"Mama Mutua, jino gani hii inajua mlima? Ikifika tambarare inanyamaza!"

"Niache, Musyoka. Nikicheka linauma."

"Mimi nakuambia, hiyo jino imesoma jiografia."

Tulicheka wote watatu. Nimelifikiria lile neno miaka yote hii. Yule askari, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua geti na kufunga, aliona kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekiona: jino halijui mlima. Jino likiuma linauma ukipanda, linauma ukishuka, linauma ukilala. Kitu kinachouma ukipanda na kuacha ukipumzika si jino. Alilisema kwa mzaha, na mzaha hausikilizwi.

Wiki ya pili alikuwa anachoka. Na nikisema kuchoka sisemi kuchoka kwenu kwa kurudi nyumbani na kuvua viatu. Alikuwa akitandika kitanda anakaa juu yake katikati ya kutandika, shuka mkononi. Mgongoni, katikati ya mabega, alisema kama mtu amemwekea jiwe la kusagia. Alinituma dukani nimletee mafuta ya karafuu, akawa anachovya pamba anaweka kwenye gego, nyumba yote inanuka karafuu kama pilau ambayo haiji. Na chakula hakikupita. Aliniambia, "Roho inanichafuka."

Sasa nyote mnajua maana yake. Ni kichefuchefu. Ni mtu kutaka kutapika. Lakini alilisema neno hilo mbele ya Mama Neema, kiongozi wa wamama kanisani, aliyekuja kuuliza kwa nini hakuonekana kwa maombi ya Jumatano.

"Mama Mutua, ulisema roho imefanya nini?"

"Inanichafuka tu, mama. Tangu asubuhi."

Mama Neema akaweka kikombe chini polepole. "Roho ya mtu haichafuki bure."

"Ni chakula, nafikiri. Au jino."

"Roho, mama. Umesema roho, hukusema tumbo. Mdomo hausemi uongo. Kuna mtu hujasamehe."

Jumatano walikuja sita, wakamweka katikati, wakamwekea mikono kichwani na mabegani. Mikono kumi na miwili juu ya mtu asiyeweza kupumua vizuri! Walimwambia amtaje mtu aliyemkosea. Maskini Mama alitafuta. Nilimwona akitafuta kwa macho huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo. Hakuwa na adui. Mwishowe, ili waondoke, akasema amemsamehe mama wa nyumba ya pili aliyechukua vibanio vyake vya nguo. Na huyo mama wa nyumba ya pili alikuwa pale pale, mkono wake kwenye bega la Mama.

"Vibanio gani?"

"Basi, nimeshasamehe."

"Hapana, sema ni vibanio gani! Zile za bluu nilinunua mimi!"

Ningecheka, na siku nyingine hucheka. Lakini fikirini: mwanamke anasema kwa mdomo wake kwamba roho inachafuka, ana jasho, amekuwa rangi ya majivu, na watu sita wazima waliomjua miaka kumi wanagombania vibanio.

Na mimi nilifanya nini? Mimi nilienda nikatubu. Nilikuwa nimelamba sukari kwa kijiko wiki hiyo, nikadhani roho ya Mama imechafuliwa na dhambi yangu, kama vile nguo nyeupe ikioshwa pamoja na soksi. Nikaacha sukari. Nikawa nakunywa chai kavu na kumwangalia kama anapona.

Wiki ya tatu Baba alimpeleka mjini kung'oa jino, na mimi nikaenda. Kwanza Mama alikuwa amemwambia usiku uliotangulia, "Baba Mutua, si ungenipeleka tu kwa ile hospitali yako wanipime?" Na Baba alicheka, hakuwa na ubaya, alicheka kama fundi anayeulizwa na mtoto. "Mama Mutua, mimi moyo naijua. Moyo haikai kwa meno. Moyo inakukamata hapa." Akaonyesha. Goti chini. Mama akasema sawa.

Huyo fundi wa meno alikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya River Road, ngazi zenye giza na harufu ya mkojo, na mlangoni jino limechorwa likicheka, lina macho na miguu. Mama alipanda zile ngazi akisimama kila mara, ameshika taya. Alipofika juu alikuwa hawezi kuongea. Yule fundi akagonga gego moja kwa chuma, akagonga lingine.

"Hii inauma?"

"Sasa imeacha," Mama akasema, kwa sababu alikuwa amekaa.

"Hii ya nyuma ndiyo imekufa."

"Ina shimo?" Baba akauliza.

"Shimo iko ndani, mzee. Huwezi ona na macho."

Akaling'oa. Alilifunga kwa gazeti akanipa mimi nishike, na kwenye ngazi nikafungua nikaangalia. Lilikuwa jeupe. Lilikuwa zima, lina mizizi miwili mizuri kama miguu ya kuku mdogo, hakuna shimo, hakuna weusi. Nikasema, "Baba, hili halijaoza." Baba akasema, "Wewe ni daktari?" Na mimi sikuwa daktari. Wiki hiyo hiyo, kupanda kwa Lavington, Mama alisimama pale pale akashika taya pale pale, kwenye shimo la jino lisilokuwepo.

Hapo ndipo nilianza kulinda mkono wake. Nilikuwa nimejua kitu hakiko sawa, lakini ugonjwa wenyewe nilijua mmoja tu, ule wa Baba. Nikajiambia mkono wa Mama usiende kifuani. Ukienda taya, sawa. Ukienda mgongoni, sawa. Tumboni, sawa. Nilimfuata jikoni, bombani, kwenye kamba ya nguo, macho kwenye mikono yake tu, na kila jioni nilipolala nilijipongeza kwamba leo pia haujaenda. Wiki tatu nililinda mlango ambao mwizi hakuwa na haja nao, alikuwa ameshaingia kwa dirisha.

Jumamosi ya wiki ya sita, karibu saa sita mchana, Mama alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni anachagua maharagwe. Baba alikuwa sebuleni na wageni wawili wa kanisa la Kawangware waliokuja kumwomba akashuhudie kwao. Mama akaacha kuchagua. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele likishuka mpaka kidevuni, na nilipomgusa alikuwa baridi kama sufuria.

"Mwambie baba yako siko sawa," akasema. "Sijui ni nini. Siko sawa."

Nilikimbia sebuleni. "Baba, Mama anasema hayuko sawa."

Baba alikuwa ndio kwanza anainuka kuonyesha. Akanigeukia. "Ameshika kifua?"

Mimi nilikuwa shahidi mzuri. Hakuna mtoto Nairobi nzima aliyejua mikono ya mama yake kuliko mimi. "Hapana," nikasema. "Ameshika sufuria."

Wale wageni wakacheka, na Baba akacheka. "Basi mpe maji ya tangawizi. Ni gesi."

Nikachemsha maji ya tangawizi! Nikasubiri yachemke, nikaponda tangawizi, nikachuja. Mama alikunywa kidogo akatapika. Nikarudi. Baba alikuwa chini kwa goti, mkono kifuani, wageni wakimtazama. Nikangoja amalize, kwa sababu tulifunzwa tusiingilie wazee. Akainuka. Nikasema, "Baba, ametapika."

"Si nimesema ni gesi? Gesi hutoka hivyo."

Mara ya tatu niliingia mbio. Nilivuta mkono wa shati lake mpaka kifungo kikaruka, na akaona uso wangu, akaja. Mama alikuwa amelala kwa ubavu kwenye sakafu ya jikoni, maharagwe yametawanyika, mikono yote miwili wazi, kama mtu aliyepumzika. Jirani mmoja alikuwa na pikapu. Tulimpakia nyuma juu ya magunia, na Baba alikuwa anamwita njia yote, "Mama Mutua! Mama Mutua!" naye alikuwa anajibu "Mm" mpaka tulipopita mzunguko wa barabara, halafu akaacha kujibu.

Hospitalini walimwekea waya, wakahangaika naye nyuma ya pazia. Halafu daktari akatoka. Alikuwa mwanamke mdogo, nywele amefunga na mpira wa kufungia noti. Alimwambia Baba ni heart attack, na imekuwa ikija kwa muda, na hawakuweza kumrudisha.

Baba akasema, "Lakini hakushika kifua."

"Mzee, hakuna sheria ya kushika kifua." Hakusema kwa ukali, alisema amechoka. "Wengine kifua kinauma, ndiyo, wanawake pia. Lakini wako wengi ugonjwa unawapiga kwa taya, mgongo, tumbo. Wengine ni kuchoka tu na jasho baridi. Wenye sukari wengine hawasikii kitu chochote. Hakuwa amelalamika?"

Na mimi, nilikuwa nimesikia lile neno lake na kulielewa kwa njia yangu, nikasema, "Mama hakusema hataki. Mama hakukataa kitu hata siku moja." Sidhani daktari alielewa. Akaniwekea mkono kichwani, akarudi ndani.

Nataka niseme hapa kitu ambacho sijui nimpe nani. Kwa nini tulijua namna moja? Nani alituambia moyo una mlango mmoja? Nimezeeka kidogo sasa, nimeona: askari wa jengo letu alitokwa jasho tu, akasema ana baridi, akafa. Shangazi yangu mwenye ugonjwa wa sukari alikosa pumzi akipanga sahani, kifua hakikumuuma hata kidogo. Kila mmoja kwa njia yake, kama vile watu wanavyobisha hodi. Na bado nikienda mazishini nasikia watu wakisema, "Lakini hakuwa mgonjwa." Hakuwa mgonjwa! Muulizeni aliyeishi naye alikuwa anasimama wapi akipanda mlima.

Wiki ya mazishi nyumba ilijaa viti vya kukodi. Alasiri moja Anko Kilonzo, ndugu ya baba, alirudi kutoka mjini na boksi la programu za mazishi, akaziweka kwenye sakafu ya chumba cha kulala, akanituma nizikunje mara mbili. Picha ya Mama ilikuwa mbele, ile ya kitambulisho, masikio yote yakionekana. Nikafungua ndani kusoma maisha yake. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kazi. Na mwisho: *Alitutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi.*

Nikamwuliza Anko, "Muda mfupi ni siku ngapi?"

"Ni vile huandikwa."

"Lakini si kweli."

"Wewe kunja karatasi."

Nilichukua kalamu yangu ya shule nikakata ule mstari, nikaandika wangu juu yake. Nikachukua karatasi nyingine nikakata. Nilikuwa nimefika kama thelathini Anko aliporudi akapiga kelele, na Baba akaja mlangoni. Siku zile hakuna aliyemwomba ushuhuda, na angeombwa sijui angesimama vipi. Aliokota karatasi moja, akasoma nilichokikata, akasoma nilichoandika juu yake.

"Alianza lini?" akaniuliza.

"Wiki ya kufunga shule."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo."

Anko akasema, "Kaka, nipe hizo nirudishe zichapishwe nyingine. Hizi zimeharibika, watu watatucheka."

Baba akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, ile ya ofisini. Akaketi sakafuni kando yangu, miguu mbele kama mtoto, akavuta nusu ya rundo upande wake. Tulikaa hapo mpaka zote zikaisha. Na ndiyo maana kule kwetu, kwenye nyumba za watu waliokuja kumzika, bado utakuta karatasi zenye picha ya mama yangu na mstari wa wino kwenye sentensi ya mwisho. Nyingine ni mwandiko wa mtoto, nyingine ni mwandiko mzuri wa tarishi, lakini maneno ni yale yale: *Aliugua wiki sita. Alituambia.*